Juma moja Karema: nilikwenda kutafuta jina la babu

Nilirudi nyumbani Tabora Jumatano usiku, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu na picha za simu nikapanga haya kwa siku zake. Safari yenyewe nilitumwa na mama. Baba yake alifariki zamani, cheti chake cha ubatizo hakuna aliyewahi kukiona, na kilichobaki kwa mama ni neno moja alilokuwa akilirudia mzee: "Mimi nimebatizwa Karema."

Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, Jimbo Katoliki la Mpanda. Niliomba likizo ya siku 10, paroko wangu akaniandikia barua ya utambulisho. Sikutaka kwenda kuchukua karatasi na kugeuza. Nilitaka nikae juma zima niione parokia ile inavyoishi.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024. Tabora hadi Mpanda

Sikukuu ya Mwalimu Nyerere, miaka 25 tangu atutoke. Basi la saa 12 asubuhi, nauli 28,000. Dereva alifungulia hotuba za Mwalimu tangu stendi, na watu wa Tabora huzisikiliza kama habari za ndugu, maana alifundisha hapa, shule ya St. Mary's, kabla hajaingia kwenye siasa moja kwa moja. Mzee niliyekaa naye alikuwa akisali rozari. Kila fumbo likiisha anasikiliza redio kidogo, anatikisa kichwa, anarudi kwenye rozari yake.

Sikonge tulisimama watu wakanunua asali. Nilichukua lita moja kwa 10,000 ya kumpelekea paroko. Baada ya Ipole ni msitu wa miombo saa nzima baada ya saa nzima, lami nzuri, hakuna cha kuandika. Tulipovuka mto Koga tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo, tukakaa pale saa mbili na nusu, mbung'o wakitufuata hata kwenye kivuli. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifungua ndoo yake ya viazi vitamu vya kuchemsha akapitisha kwa kila mtu, hata utingo, hakubali senti. "Mkila mkashiba ndoo itakuwa nyepesi," alisema.

Mpanda tuliingia saa moja usiku. Gesti 15,000, maji ya moto kwenye ndoo, ugali na samaki 5,000.

Kwa atakayekuja: treni pia ipo, ya kutoka Tabora kupitia Kaliua, reli iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi ya Mpanda. Ni ya polepole na haitembei kila siku, kwa hiyo uliza ratiba stesheni kabla hujapanga. Na ukija kwa basi vaa nguo ya mikono mirefu, mbung'o hawana mchezo.

Jumanne, 15 Oktoba. Mpanda hadi Karema

Gari lilikuwa Noah, nauli 13,000. Liliondoka lilipojaa, na kujaa kwake ni watu 11, magunia mawili ya vitunguu na baiskeli juu. Zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa vumbi jekundu, kona na miteremko. Mbele yangu alikaa mama mfanyabiashara wa vitenge anayetoka Moba, ng'ambo ya Kongo, na Kiswahili chake kilinifurahisha njia nzima. "Niko naenda tu kusali kwanza, nitauzisha kesho," alisema. Kumbe kila akivuka ziwa huanzia kanisani.

Ziwa lilijitokeza ghafla kwenye mteremko wa mwisho, buluu iliyokoza, na kwa mbali milima ya Kongo. Saa 9 alasiri nikashuka na begi langu, nikauliza njia ya misheni. Mtoto wa shule, wa darasa la nne hivi, alilibeba begi kichwani kabla sijamwomba akatangulia.

Kanisa na nyumba za misheni viko juu, mahali penye kuta nene za zamani. Hapa palikuwa ngome. Wabelgiji wa Mfalme Leopold II waliijenga kuanzia 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, pamoja na kituo cha Mpala kilichoko ng'ambo. Wakati ule maji yalifika karibu na ngome. Ziwa likashuka, na leo kutoka kanisani hadi ufukoni ni mwendo wa kutembea.

Paroko alikuwa kigangoni, yaani kwenye moja ya makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia. Aliyenipokea ni katekista, yaani mwalimu wa dini, mtu wa miaka 60 na kitu, mrefu, shati jeupe lililofifia, kalamu mbili mfukoni. Watu wote humwita Mwalimu. "Tumsifu Yesu Kristo," akaniamkia. "Milele amina," nikajibu. Akaisoma barua yangu mpaka muhuri, akaikunja, akasema: "Basi wewe ni mtoto wa hapa. Twende ukanawe."

Kwa atakayekuja: barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako ni muhimu kuliko fedha. Chumba cha wageni kilikuwa kitanda, neti na meza. Hawakunitajia bei, nikatoa 20,000 kwa siku pamoja na chakula, na nadhani ndicho kiasi cha chini mtu anachopaswa kutoa.

Jumatano, 16 Oktoba

Kengele ya kwanza saa 11 na nusu, Misa saa 12 na robo. Nilihesabu watu 14: masista watatu, bibi saba wenye vitenge mabegani, Mwalimu, watoto wawili wa altare, mimi. Katikati ya juma hakuna kwaya. Bibi mmoja huanzisha wimbo kutoka mahali alipokaa na wengine wanamfuata, kila mmoja kwa sauti yake, bila kinanda. Sijasikia mwanzo wa siku uliotulia namna ile kwa muda mrefu.

Masista ni wa Maria Malkia wa Afrika, shirika lililozaliwa hapahapa Karema chini ya Askofu Lechaptois. Mmoja wao alinipa chai na mihogo ya kuchemsha, kisha paroko akaja akakaa nasi. Ni kijana, hajafika 40. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ratiba ya mwezi iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi: vigango, ndoa, mafundisho ya kipaimara, vikao vya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), Utoto Mtakatifu (chama cha watoto). Juu ya tarehe nyingine palikuwa na duara dogo jeusi. Nikauliza ni nini.

"Huo ni mwezi," akasema. "Zikiingia siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wavuvi wote wako ziwani usiku kucha, asubuhi wamelala. Ukiweka kikao cha UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, wakati wa giza utakaa na viti. Mimi hupanga mambo ya wanaume wakati wa mbalamwezi."

Bahati yangu nilikuwa nimefika mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa, basi mitumbwi inapumzika na wanaume wanaonekana mchana. Jioni nilishuka ufukoni nikawakuta wakishona nyavu. Walinieleza jinsi miezi mitatu ya kufunga ziwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ilivyowakausha. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana samaki wapumzike. Hawakupinga, maana walisema ziwa lilipofunguliwa dagaa walikuwa wamenenepa, lakini bahasha za zaka za miezi ile zilirudi tupu au hazikurudi kabisa. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wasione aibu kuja kanisani bila kitu. Maneno haya niliyapata kwao. Yeye mwenyewe hakunigusia.

Maji nayo yamepanda miaka hii. Kuna mahali walinionyesha nguzo zilizosimama ndani ya ziwa, zilizokuwa za kibanda cha kukaushia dagaa.

Alhamisi, 17 Oktoba. Rozari ya jumuiya

Oktoba ni mwezi wa rozari, na kila jumuiya, yaani kikundi cha familia jirani za parokia, husali kila jioni katika nyumba tofauti. Sanamu ya Bikira Maria inalala kwa familia moja, kesho inahamia kwa jirani. Mwalimu alinipeleka kwenye jumuiya ya upande wa ufukoni. Tulifika saa 12 na nusu, watu wamekaa kwenye mikeka uani, wanaume upande mmoja kwenye magogo, na mwezi mpevu unakaribia kuchomoza.

Sanamu ilikuja ikiimbiwa. Ilibebwa na binti wa miaka 10 hivi, imefunikwa kitambaa cha bluu, na nyuma yake familia iliyolala nayo jana. Ni ya plasta, ndogo, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kidole gumba cha mkono wa kulia kimevunjika kikagandishwa kwa gundi nyeupe. Mwenye nyumba, mama mjane, aliipokea kwa magoti, akaiweka juu ya meza iliyotandikwa kitenge kipya chenye lebo bado pembeni. Alikuwa amekinunua kwa ajili ya usiku ule mmoja.

Tulisali mafumbo ya mwanga. Kila fumbo liliongozwa na mtu mmoja, na mtoto akikosea hakuna aliyemkatiza. Baada ya rozari walisoma Injili ya Jumapili inayokuja, Marko 10, wana wa Zebedayo wanaoomba kuketi kulia na kushoto kwa Bwana, watu wakatoa walichokipata. Kisha yakaja mambo ya jumuiya, na hapo ndipo nilipokaa sawa, maana mimi ni katibu wa jumuiya kwetu na najua ugumu wake. Mgonjwa mmoja yuko Mpanda hospitali: nani anakwenda kumwona? Mzee fulani paa lake limevuja na mvua zinakaribia: nani ana nyasi, nani ana mikono? Wanaume watano walisimama papo hapo, wakasema Jumamosi asubuhi, kabla giza halijarudi. Mchango wa mgonjwa ulikusanywa kwenye kofia, ukahesabiwa mbele ya wote, 37,500, ukaandikwa.

Tulikula samaki migebuka wa mawese na ugali wa muhogo kwa mwanga wa mwezi. Kwetu mjini rozari ya jumuiya huisha mtu akiangalia saa. Pale tulikaa mpaka saa 4 usiku, na aliyeondoka wa kwanza aliomba radhi.

Ijumaa, 18 Oktoba. Sikukuu ya Mtakatifu Luka

Luka alikuwa tabibu, na kwa Karema siku hii ina uzito wake. Katika mahubiri paroko alimtaja Adrian Atiman, na nilipotazama niliona bibi wale wote wameinua vichwa.

Atiman alizaliwa karibu na Tombouctou, Mali ya leo. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapitishwa Sahara, Mapadre Weupe wakamkomboa Algeria. Wakamsomesha utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, na hapa alikaa mpaka alipofariki 1956, miaka 67 ya kutibu watu na kufundisha dini. Hakuwa padre. Alikuwa daktari na katekista, mtu wa ndoa, na mtoto wake Joseph akapata upadre mwaka 1923. Injili ya siku ilikuwa ile ya kutumwa wale 72: mavuno ni mengi, watenda kazi ni wachache. Paroko alisema maneno machache tu: kwamba tangu 1885 mapadre wamekuja Karema na kuhamishwa, naye atahamishwa, na aliyewabatizia wazee wao watoto walipozidiwa usiku wa manane ni katekista wa jirani.

Baada ya chai Mwalimu alifungua kabati la ofisi akatoa vitabu vya ubatizo. Vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, wino wa kahawia, mwandiko ulioinama. Alinawa mikono kwanza, akaikausha vizuri, akawa anageuza kurasa kwa ncha ya kidole kutoka pembe ya juu. Mama alikisia mwaka 1930. Hakuna. Tukaenda 1932, hakuna. Ilikaribia saa 6 mchana, nikiwa nimeanza kupanga jinsi ya kumwambia mama, Mwalimu akaacha kidole kwenye mstari mmoja wa mwaka 1931, akasoma jina la babu kwa sauti, kisha jina la baba yake, na hilo la pili lilikuwa jina la kaka yangu mkubwa. Nikaketi.

Mstari mmoja tu, lakini una mengi. Namba, tarehe, jina, wazazi, kijiji, jina la padre, jina la msimamizi wake wa ubatizo, na mbele yake neno moja linaloonyesha msimamizi ni katekista. Pembeni, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, kipaimara. Chini yake, kwa mwandiko wa tatu, ndoa, Tabora, na mwaka. Mtu alitoka hapa kijana akaenda zaidi ya kilomita 400, akaoa, na paroko wa kule akaandika barua ili mstari huu ujazwe. Nimekaa kwenye ofisi nyingi maishani mwangu. Sijaona kumbukumbu iliyomfuata mtu hivyo.

Mwalimu alitazama jina la kijiji. Ni kigango cha pwani, kusini ya hapa, mwendo wa boti. "Zamu yangu kesho ni kwingine," akasema, "lakini nitabadilishana na mwenzangu. Twende."

Kwa atakayekuja kutafuta jina: njoo na jina la ubatizo, la baba na la mama, na makisio ya mwaka. Omba miadi kwanza, usije Jumapili. Vitabu havipigwi picha bila ruhusa. Mimi niliomba cheti, kikaandikwa kwa mkono, kikapigwa muhuri.

Jumamosi, 19 Oktoba. Kwa boti

Tuliondoka saa 2 asubuhi kwa mtumbwi wa injini, nauli 5,000 kila mtu. Mwalimu alibeba begi la kitambaa lenye Biblia, kitabu cha ibada, misale, daftari kubwa la mistari na kifurushi cha chaki. Baiskeli yake aliifunga mbele. Mtumbwi ulivuja kwenye kiungo kimoja, na katikati alikaa kijana wa miaka 13 hivi na dumu la lita 5 lililokatwa, kazi yake kukumba maji. Anakumba, anamwaga, anakumba, safari nzima bila kuangalia mandhari. Baada ya rasi upepo uliongezeka, mawimbi yakaanza kurukia ndani, mwenye boti akapaza sauti "Kopo!", na watu wote wakasogeza miguu kumpisha yule kijana. Nilichukua sufuria ya mama mmoja nikamsaidia. Nilifika nimelowa mpaka kifuani.

Kigango ni nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, madirisha bado hayana fremu. Kengele ni rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe. WAWATA walikuwa wanafagia na kumwagia maji sakafu ya udongo, vijana wanapanga mabenchi. Mwalimu alifundisha watoto 22 wa Komunyo ya kwanza chini ya mwembe, na ubao wao ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Hakuwapigia kelele hata mara moja. Akiuliza swali hupiga magoti mbele ya mtoto anayejibu, ili asikie vizuri.

Alasiri alinizungusha kwa wazee. Hakuna aliyemkumbuka babu. Walioondoka enzi zile kufuata kazi Tabora ni wengi, walisema. Lakini nilipotaja jina la msimamizi wake, bibi mmoja kipofu alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya kanisa, akipapasa njia kwa fimbo yake, akanionyesha kaburi lenye msalaba wa saruji usio na jina. "Ndiye huyu," akasema. "Alitufundisha sote kusali. Na wewe umetoka kwake."

Nililala kwa mwenyekiti wa kigango, kwenye kitanda chake. Yeye na mkewe walilala kwenye mkeka, na walikataa katakata nilipopinga.

Jumapili, 20 Oktoba. Jumapili ya Misioni

Mpango ulikuwa paroko aadhimishe Misa ya kwanza Karema, kisha aje na boti, afike saa 5. Usiku upepo ulivuma, na asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Watu walianza kuja saa 3, wengine wametembea saa mbili. Mtandao unapatikana kwenye kichuguu kimoja nyuma ya shule, na kijana mmoja alipelekwa kukaa pale na simu. Saa 5 na nusu alirudi mbio: boti imegeuzwa kwenye rasi, Baba Paroko anaomba radhi, Mwalimu aendelee.

Nilitazama watu nikidhani wataanza kuondoka. Hakuna aliyenyanyuka. Mwalimu alivaa kanzu yake nyeupe, rimu ikagongwa mara ya pili, kwaya ikaingia kwa wimbo uleule uliokuwa umepangwa kwa ajili ya padre, na Utoto Mtakatifu wakacheza mbele kwa sare zao kana kwamba hakuna kilichopungua. Nilipewa somo la kwanza, Isaya 53. Mikono yangu ilitetemeka kidogo.

Injili alisoma Mwalimu. "Kwa maana Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi." Alifunga kitabu, akawageukia wanaume waliojaa upande wa kulia, na mbalamwezi ilikuwa imewaleta wote.

"Yakobo na Yohane walikuwa watu wa kazi gani?"

"Wavuvi!"

"Wanataka kukaa wapi?"

"Kulia na kushoto!"

"Mtumbwi ukianza kuingiza maji katikati ya ziwa, mnamwita nani? Mwenye mtumbwi? Mwenye injini?"

Kukawa kimya, kisha mtoto mmoja akajibu kutoka mbele kabisa: "Mwenye kopo!"

Mwalimu alimtafuta kwa macho yule kijana wa jana. Alikuwa amekaa karibu na mlango, akainamisha uso. "Bwana amekaa pale alipokaa huyu," akasema Mwalimu. Aliongeza kidogo kuhusu Misioni, kwamba sadaka ya leo inakwenda kwa makanisa ambayo hawatayaona, akarudi kwenye kiti chake. Dakika 6 hazikufika.

Ilipofika mahali pa Komunyo, kwa kuwa padre hakufika, hapakuwa na Komunyo. Watu walipiga magoti kwenye udongo wakasali Komunyo ya tamaa, yaani kumwomba Bwana aje moyoni kwa sala tu, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko kimya chochote nilichowahi kukaa kanisani. Nasali kila Jumapili mahali penye Misa tatu. Nimezoea kupanga foleni bila kufikiri. Sitaki kuzoea tena.

Baada ya ibada ulifuata mnada wa sadaka za vitu: kuku 3, tikiti maji, vibaba vya dagaa, mayai. Nilinunua kuku kwa 18,000, nikampelekea bibi kipofu. Mwalimu alikaa chini ya mwembe akafungua lile daftari kubwa. Nilisoma begani mwake: tarehe, Dominika ya 29, Misioni. Waumini 118. Sadaka 64,200. Mnada 71,500. Na mstari wa mwisho: "Padre hakufika, upepo." Mwandiko wake umeinama kama wa vile vitabu vya kabatini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Niliamshwa na rimu saa 12. Ziwa limelala kama kioo. Nilipofika ufukoni paroko alikuwa anashuka kwenye boti, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake, begi la Misa kalishika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameondoka Karema saa 10 usiku, mwezi bado uko juu. "Mnanidai ya jana," akawaambia waliokuja kumpokea. Hiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Misa ilianza saa moja. Walikuja zaidi ya nusu ya watu wa jana, wengine na majembe, wameyaacha yameegemea ukuta wa nje. Waliokuwa wanasubiri kuungama waliungama chini ya mwembe. Baadaye, kwa ombi la yule bibi, tulikwenda nyuma ya kanisa, paroko akalinyunyizia kaburi maji ya baraka, akasali sala ya marehemu, na mimi nikalitaja jina la babu pamoja na la msimamizi wake. Kwa nilivyoambiwa, majina hayo mawili hayajatajwa pamoja pale tangu 1931.

Tulirudi Karema wote boti moja, saa 7 mchana. Noah la Mpanda lilikuwa limeshaondoka.

Jumanne na Jumatano, 22 na 23 Oktoba

Karema hadi Mpanda saa 5 njiani, kisha basi hadi Tabora, safari hii bila tairi kupasuka.

Kwa wanaopanga: nilitumia jumla ya 318,000, pamoja na nauli zote, vyumba, chakula, sadaka na cheti. Chukua fedha taslimu kutoka Mpanda, na tochi. Nenda wakati wa mbalamwezi ukitaka kukuta watu, na wakati wa giza ukitaka kuona taa za wavuvi zimejaa ziwani. Ukienda kigangoni acha siku mbili za ziada kwa ajili ya upepo.

Mama alivaa miwani akakisoma cheti mara mbili akiwa amesimama. Hakuuliza habari za ngome wala za ziwa. Alinyoosha kidole kwenye jina la msimamizi, akaniambia nilisome kwa sauti, kisha akaenda kuliandika kwenye karatasi ya marehemu wetu, ile tunayoipeleka kanisani kila Novemba.